Asasi na Halmashauri: Namna ya Kufanya Kazi Bila Kushtukizana

Muulize afisa wa halmashauri kwa nini haziamini asasi, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali, atakwambia: wanakuja na fedha tusizojua kiasi chake, wanazunguka vijijini, kisha tunasikia redioni kwamba wilaya yetu imeoza. Muulize kiongozi wa asasi kwa nini haiamini halmashauri, atakwambia: barua yetu ina wiki sita pale ofisini, kila tukienda Mkurugenzi yuko safarini, na aliyetukubalia mwaka jana kahamishwa. Ukiyachuja malalamiko haya, yote mawili yanahusu kushtukizwa.

Maelekezo yanayofuata ni ya Tanzania Bara, kuanzia halmashauri hadi kata na kijiji, kwa kuwa huko ndiko asasi ndogo zinakofanyia kazi na ndiko uhusiano unakovunjikia. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake. Semina za kujenga mahusiano tumeziacha kando. Semina ya siku moja hotelini haijawahi kufupisha safari ya barua kutoka masjala (ofisi inayopokea na kutunza barua) hadi mezani kwa Mkurugenzi.

Afisa anaogopa nini

Kabla ya kulaumu urasimu, tazama afisa amesimama wapi. Mganga Mkuu wa Wilaya anajibu kwa Mkurugenzi Mtendaji, anahojiwa na madiwani kwenye kamati, anapokea maelekezo ya OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) na ya Wizara ya Afya, anaweza kuitwa na Mkuu wa Wilaya saa yoyote, na hesabu zake hupitiwa na wakaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali). Habari mbaya ikimfikia yeye kwanza, anapata nafasi ya kuishughulikia. Ikiwafikia hao wengine kwanza, anaandika barua ya kujieleza. Kwa hiyo afisa anayekunyima takwimu za zahanati huenda hafichi wizi wowote. Anachohofia ni kwamba hajui zitatokea wapi, lini, na zikiwa zimeandikwaje.

Asasi nayo inabanwa pande mbili. Mfadhili anataka kazi iishe kufikia tarehe ya mkataba, la sivyo fedha zinarudi. Wananchi nao wanauliza mbona mliandika majina yetu mkapotea. Maafisa wengi hawajui kwamba sahihi yao ikichelewa miezi miwili, mradi wa miezi kumi unabaki na minane. Waambieni mapema, kwa maandishi, bila kulalama.

Karatasi kwanza

Andaa jalada moja la kila halmashauri mnayofanyia kazi, na nakala tatu za kila kilichomo: cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi na watia sahihi wa benki, taarifa ya mwaka uliopita pamoja na hesabu zilizokaguliwa, stakabadhi ya ada ya mwaka, namba ya mlipakodi, maelezo ya mradi yasiyozidi kurasa mbili, na ukurasa mmoja wa bajeti unaoonyesha kiasi kitakachotumika ndani ya halmashauri hiyo. Ukurasa huo wa mwisho ndio asasi nyingi huuficha, na ndio unaotafutwa zaidi. Mradi wa wilaya nne ukitangazwa kuwa wa milioni 400, kila wilaya huamini milioni 400 ni zake. Gawanyeni wenyewe kabla hamjagawanyiwa na uvumi.

Usajili hukaguliwa kwanza. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (Na. 24 ya 2002) yaliwalazimu waliosajiliwa kwingine, kwa mfano kama kampuni au jumuiya, huku wakifanya kazi za NGO, kuhamia kwa Msajili wa NGOs. Cheti kina ukomo wa miaka 10. Angalia pia ngazi ya usajili: shirika la ngazi ya wilaya likivuka kwenda wilaya ya jirani, linampa afisa sababu halali ya kulisimamisha. Kanuni za mwaka 2018 nazo zinataka ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwekwe wazi, na mkataba wake uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Asasi iliyokwisha kutimiza haya iambatishe ushahidi hata kama haujaombwa. Inamwondolea afisa kazi ya kushuku.

Nani ana neno la mwisho

Kosa la kawaida ni kumwona mtu mkubwa zaidi unayeweza kumfikia, ukadhani umemaliza. Mkuu wa Wilaya anamwakilisha Rais na anasimamia ulinzi na usalama. Mjulishe kupitia Katibu Tawala wa Wilaya. Ila mwajiri wa watumishi mtakaofanya nao kazi, na mwenye mamlaka ya kusaini makubaliano kwa niaba ya halmashauri, ni Mkurugenzi Mtendaji. Ukianza kwa Mkuu wa Wilaya, ukapata picha ya pamoja na ukaiweka mtandaoni, kisha ndipo ukapeleka barua kwa Mkurugenzi, umemwambia Mkurugenzi kwamba yeye ni wa kupewa taarifa tu.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri ndiye Msajili Msaidizi wa NGOs katika eneo hilo. Huyu aone kila kitu. Mara nyingi ofisi yake ndiyo yenye watu wachache na kazi nyingi, ikiwemo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu). Asasi inayojitolea kusaidia vikundi kuandaa katiba na maandiko ya mikopo hiyo inapata sifa kwa gharama ndogo kuliko warsha yoyote. Ni kazi ndogo, ina tarehe, na matokeo yake yanaonekana ndani ya miezi michache. Ndiyo sababu inafaa kuwa ya kwanza.

Chini yao kuna Mtendaji wa Kata, Diwani, Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti wa Kijiji. Usimruke Diwani kwa kuwa hana ofisi yenye muhuri. Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na yeye, na kwenye Baraza la Madiwani ndiye atakayesimama kusema mradi huu naufahamu, au kuuliza hawa ni akina nani wanaozunguka kwangu.

Halafu kuna taasisi ambazo asasi zenye uzoefu wa zamani huzisahau. Maji ya vijijini hayako tena mikononi mwa halmashauri. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, msimamizi ni RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), na uendeshaji ni wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Barabara za wilaya ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Ukichimba kisima kwa makubaliano na halmashauri pekee, bila RUWASA na bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, utapata kisima kisicho na mwenyewe: pampu ikifa hakuna bajeti inayoitambua. Wanakijiji watawalaumu nyinyi na RUWASA kwa pamoja, na RUWASA watawalaumu nyinyi.

Barua isiyopotea

Barua iende kwa cheo, si kwa jina la mtu. Iwe na kumbukumbu namba yenu, tarehe, na kichwa cha YAH kinachotaja jambo moja. Iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme mnaomba nini, na si historia ya asasi. Aya ya pili itaje mahali kwa majina ya kata na vijiji, muda, na fedha. Ya tatu itaje ofisi inayohitajika kushiriki na kwa siku ngapi. Mwisho, nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na mkuu wa idara husika.

Peleka masjala kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Uliza jalada limepewa namba gani. Siku ya tano ya kazi, piga simu au nenda masjala, uulize jalada liko kwa nani. Swali hilo lina faida kuliko kuuliza kama Mkurugenzi amejibu, kwa sababu barua nyingi hukwama kwa mkuu wa idara aliyeombwa ushauri na hajauandika. Mwendee huyo, umuulize anahitaji taarifa gani zaidi. Baada ya siku 14 za kazi andika barua ya kukumbusha, ukitaja namba na tarehe ya ile ya kwanza. Ujumbe wa WhatsApp unafaa kukumbusha kikao. Kibali cha kuingia shuleni kisiwe cha WhatsApp, maana mwalimu mkuu ataulizwa karatasi.

Kama mnakusanya takwimu kwa ajili ya utafiti hasa, na si ufuatiliaji wa mradi wenu, kuna vibali vingine: cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti kwa jumla, cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa utafiti wa afya. Kuita utafiti “tathmini” ili kukwepa vibali hugundulika siku ripoti inapotoka, na siku hiyo halmashauri iliyowaruhusu nayo inaingia matatani.

Kalenda ya halmashauri ndiyo kalenda yenu

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Wafadhili wengi huhesabu Januari hadi Desemba. Asilimia kubwa ya maneno ya “halmashauri haichangii chochote” hutokana na pengo hili, wala si ubahili.

Mchakato wa mpango na bajeti huanza chini, vijiji vikitaja vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo (O&OD), kwa kawaida robo ya Oktoba hadi Desemba. Vipaumbele hupita kata, hufika kwa wataalamu wa halmashauri, na kufikia Januari na Februari rasimu inajadiliwa na kupelekwa mkoani, kisha OR-TAMISEMI. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Mkija mwezi wa Machi kuomba halmashauri iweke fungu la matengenezo ya kisima au posho ya mhudumu, mlango umefungwa hata kwa afisa anayewapenda.

Basi pangeni hivi. Septemba, peleka kwa Mchumi wa halmashauri ukurasa mmoja: mtafanya nini mwaka ujao wa fedha, wapi, kwa kiasi gani, na mnaiomba halmashauri ibebe nini. Oktoba na Novemba, wafanyakazi wenu wahudhurie mikutano ya vijiji wakiwa wasikilizaji. Wananchi wakitaja jambo lenu wenyewe, limeingia. Mkiwafundisha la kusema, Mtendaji atajua na atasema. Desemba, hakikisheni kwa Mchumi kwamba mchango wenu umeandikwa kwenye mpango wa halmashauri kama fedha za wadau. Asasi ambayo haimo kwenye mpango haina pa kuonekana taarifa ya mwaka inapoandikwa.

Julai na Agosti ni miezi mibaya ya kuomba watumishi: mwaka unafungwa na unafunguliwa, hesabu zinaandaliwa kwa ukaguzi. Aprili nayo ina joto lake, ripoti ya CAG inapowasilishwa bungeni. Usipange mkutano wa kujadili uwajibikaji wa halmashauri wiki hiyo, labda uwe unataka ugomvi.

Hati ya makubaliano

Kurasa nne hadi sita zinatosha. Hati ndefu husainiwa bila kusomwa, na ndefu zaidi hupelekwa kwa mwanasheria wa halmashauri na kukaa huko robo nzima. Mwanasheria aione rasimu mapema, kabla ya nakala ya kusainiwa.

Yanayopaswa kuwemo ni haya. Maeneo kwa majina. Kazi ya kila upande, kwa vitenzi vinavyopimika: “itatoa wataalamu wawili wa kilimo kwa siku nne kila mwezi”, si “itashirikiana kikamilifu”. Fedha za kila mwaka, na nani analipa nini. Taarifa zitakazopelekwa na tarehe zake. Utaratibu wa kutangaza matokeo. Mali zitakazobaki: pikipiki, kompyuta, majengo, zitakabidhiwa kwa nani na nani atazihudumia. Kipengele cha kutofautiana: nani anakaa na nani, ndani ya siku ngapi. Na cheo cha mratibu kila upande, tena cheo pamoja na msaidizi wake, kwa kuwa mtu atahama.

Kinachoharibu hati hizi ni ahadi ya rasilimali ambayo aliyesaini hana uwezo nayo. Mkurugenzi hawezi kuahidi mwuguzi mpya. Vibali vya ajira hutoka juu. Hawezi kuahidi fedha za fungu ambalo halijapitishwa. Mkiona ahadi ya namna hiyo kwenye rasimu, iondoeni nyinyi wenyewe. Hali kadhalika msijenge zahanati au darasa bila kukubaliana ramani na eneo na halmashauri, na bila jengo hilo kuwa kwenye mpango. Jengo zuri lisilo na watumishi litawatangaza vibaya kwa miaka.

Posho, mafuta na fedha ndogondogo

Hapa ndipo heshima huisha haraka, kwa kuwa ni mambo watu wanaona aibu kuyasema. Yasemeni kabla.

Mfanyakazi wa serikali anayetoka kituo chake ana haki ya posho ya kujikimu kwa viwango vya serikali, na mwajiri hana fungu la kumlipa kwa kazi yenu. Kukubali kulipa si kosa. Kosa huanza pale kiwango kinapopangwa mlangoni, au anapolipwa mtu asiyefanya kazi. Ambatisheni viwango kwenye hati ya makubaliano: nauli, chakula, kulala. Kikao cha ndani ya mji, ndani ya saa za kazi, kisilipiwe posho ya kulala hata kama mtu analalamika. Asasi zote za wilaya zikubaliane viwango vinavyofanana na zimjulishe Mkurugenzi kwa barua moja. Bila hivyo watumishi wataenda kwa anayelipa zaidi, na asasi changa ndiyo itakayokosa mtaalamu.

Mwaliko uende kwa Mkurugenzi na utaje aina ya mtaalamu, si jina la rafiki yenu. Mkichagua wenyewe mtu yuleyule kila mara, ofisini kwake ataitwa mtu wa asasi na ushauri wake hautasikilizwa. Malipo yapitie benki au simu, na orodha ya mahudhurio iwe na sahihi ya asubuhi na ya jioni. Jina moja likionekana kwenye orodha za asasi mbili siku hiyohiyo, asasi zote mbili zitakataliwa gharama na mfadhili, na TAKUKURU (taasisi ya kuzuia rushwa) wanaweza kuuliza maswali.

Mafuta yasitolewe kwa fedha taslimu. Hesabu kilomita, gawanya kwa ulaji wa gari, jaza kituoni kwa stakabadhi ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), na dereva aandike kitabu cha safari. Safari ya kilomita 140 kwenda na kurudi, kwa gari linalokwenda kilomita 7 kwa lita, ni lita 20. Ongeza lita 3 kwa barabara mbovu. Mkijaza tangi zima kwa ukarimu mmeweka kiwango kipya, na safari ijayo lita 20 zitaonekana dharau.

Matokeo mabaya yapite njia gani

Asasi yenye maana itakuta jambo bovu siku moja. Dawa hazipo, mwalimu hafiki, fedha za kijiji hazijasomwa kwenye mkutano. Halmashauri haihitaji kufichiwa jambo hilo. Inahitaji kulijua kabla ya wengine na kupewa nafasi ya kujibu.

Utaratibu unaofaa kuandikwa kwenye hati ni huu: asasi inapeleka matokeo kwa mkuu wa idara kwa maandishi, pamoja na maelezo ya namna yalivyopatikana, vijiji vingapi, watu wangapi, tarehe gani. Idara ina siku 14 za kazi kusahihisha au kueleza. Maelezo yake yanachapishwa ndani ya ripoti hiyohiyo, hata kama hayakubaliani na asasi. Siku zikipita bila jibu, ripoti inatoka ikieleza kwamba jibu liliombwa tarehe fulani. Kipengele hiki kinazilinda pande zote mbili: asasi haihitaji ruhusa ya kusema, na halmashauri haishtukizwi. Jambo la hatari kwa uhai au usalama wa mtoto halisubiri siku 14. Linapelekwa siku hiyohiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii na polisi.

Chunga namna ya kutaja namba. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibanwa kiasi kwamba kutoa takwimu zinazopingana na rasmi likawa kosa; mwaka 2019 ikalegezwa. Hofu imebaki mezani kwa maafisa. Usiandike “asilimia 62 ya wilaya” wakati mlihoji watu 90 katika vijiji vitatu. Andika watu 56 kati ya 90 mliowahoji, na vijiji vyake. Majina, namba za simu na hali za afya za watu zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Picha ya mgonjwa kwenye ukurasa wa asasi inaweza kufuta kazi ya miaka miwili.

Na nyinyi mkihitaji taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu. Anza kwa kuomba kirafiki kwa mkuu wa idara. Sheria itajwe kwenye barua ya pili. Ikitajwa kwenye ya kwanza, afisa atampelekea mwanasheria na mtasubiri siku zote 30.

Kadi ya alama, hatua kwa hatua

Njia iliyozaa imani zaidi kuliko ukaguzi wa kushtukiza ni kadi ya alama ya jamii, ambapo wananchi na watoa huduma huipa huduma alama kila upande kwake kisha hukutana; ilibuniwa Malawi na shirika la CARE mwaka 2002. Chukua zahanati moja.

Wiki ya kwanza: mkae na mganga mfawidhi na Kamati ya Usimamizi wa Kituo, mpate stahili za kituo: watumishi wangapi kwa mujibu wa ikama (idadi iliyoidhinishwa), fedha kiasi gani zimeingia kwenye akaunti ya kituo, dawa zipi ni za lazima. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, huenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo kituo kina la kujibu.

Wiki ya pili: makundi manne hadi sita ya watu 8 hadi 12, wanawake peke yao, wanaume, vijana, watu wenye ulemavu. Kila kundi lipe alama 1 hadi 5 kwa vigezo visivyozidi nane, na sababu ya kila alama iandikwe. Siku nyingine, watumishi wa zahanati wajipe alama kwa vigezo vilevile bila kuonyeshwa za wananchi. Watumishi wakiruka hatua hii, mkutano wa pamoja unageuka mahakama.

Kabla ya mkutano, gawanya hoja katika mafungu matatu: zinazotatuliwa na kituo chenyewe (lugha mbaya, saa za kufungua, foleni), za halmashauri (nyumba ya mtumishi, usimamizi), na za juu (ikama, upatikanaji wa dawa Bohari ya Dawa, MSD). Kazi hii ikirukwa, mganga mfawidhi atatukanwa kwa dawa ambazo hana uwezo wa kuzileta, na hatawakaribisha tena.

Mkutano wa ana kwa ana usizidi muda wa saa tatu. Aongoze mtu asiye wa asasi wala wa kituo. Mtendaji wa Kata hufaa akiwa hana ugomvi na zahanati. Mganga Mkuu wa Wilaya awe ameona alama siku tatu kabla. Toka na mambo matano tu ya kufanya, kila moja na mhusika na tarehe. Yasomwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofuata, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Rudia alama baada ya miezi sita. Ukitoa alama mara moja ukaondoka, watumishi watakuwa sahihi kusema mlikuja kutafuta ripoti.

Watu wanapohama

Uhamisho hautabiriki na uchaguzi hutabirika. Vijiji na mitaa vilichagua viongozi Novemba 2024, madiwani Oktoba 2025. Mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa tangazo la jioni moja. Imani iliyokuwa kichwani mwa mtu huondoka naye.

Kwa hiyo kila kikao kiwe na muhtasari wa ukurasa mmoja wenye maazimio, upelekwe ndani ya siku tatu na kuingizwa kwenye jalada la halmashauri, si kwenye kompyuta yenu tu. Mkurugenzi mpya akifika, msikimbilie wiki ya kwanza. Ana wageni wa kutosha. Wiki ya tatu au ya nne, omba dakika 20, peleka hati ya makubaliano, maazimio ya mwisho na orodha ya yaliyokwama. Msianze kwa kumsifu aliyepita.

Yanayoihusu halmashauri yenyewe

Nusu ya kazi iko upande huu. Halmashauri itangaze kwenye ubao muda wake wa kujibu barua za asasi, na “hapana” itoke kwa maandishi pamoja na sababu. Asasi huweza kuishi na hapana, haiwezi kupanga bajeti juu ya kimya. Afisa Maendeleo ya Jamii awe na daftari moja la asasi zote: ziko kata zipi, zinafanya nini, zinaisha lini. Daftari hilo litaonyesha kata yenye asasi saba na kata isiyo na hata moja, na Mkurugenzi ataweza kuwaelekeza wanaokuja. Mkutano wa wadau ufanyike kila robo mwaka, nao uanze kwa kusoma maazimio ya uliopita. Asasi ikipeleka taarifa ya robo, ijibiwe walau kwa aya mbili. Taarifa zisizosomwa huanza kuandikwa kwa kunakili za robo iliyopita, na wa kulaumiwa si asasi peke yake.

Lingine: asasi isiitwe tu pale mwenge unapokuja na michango inahitajika. Mchango wa namna hiyo hauna fungu kwenye bajeti ya mfadhili, na mhasibu wa asasi atalazimika kudanganya mahali fulani.

Mkiudhiana

Zuio likitoka, msiende redioni na msiendelee na kazi. Ombeni zuio hilo kwa maandishi ikiwa limetolewa kwa mdomo. Ndani ya siku mbili muoneni mkuu wa idara; ndani ya wiki, Mkurugenzi; kisha Katibu Tawala wa Mkoa, na Msajili wa NGOs ikiwa hoja ni ya usajili. Baraza la Taifa la NGOs (NaCoNGO) linaweza kusindikiza. Waambieni wananchi kwamba kazi imesimama kwa muda, bila kutaja wa kulaumiwa, maana wiki ijayo huenda mkakaa naye meza moja.

Kama asasi ndiyo iliyokosea, kwa mfano fedha zimepotea au mfanyakazi amemdhalilisha mtu, mjulisheni Mkurugenzi ndani ya saa 24 kwa barua fupi: nini kimetokea, hatua gani imechukuliwa, nani anachunguza.

Dalili za kuangalia kila robo

Pimeni kwa vitu vinavyohesabika. Barua huchukua siku ngapi kujibiwa, mkilinganisha na robo iliyopita. Maazimio mangapi kati ya yaliyoandikwa yametekelezwa na kila upande. Mara ngapi afisa amewapigia simu yeye kwanza, kuuliza au kuonya. Fedha zenu zimetajwa kwenye taarifa ya halmashauri au la. Rasimu yenu ya matokeo imerudi na masahihisho ya kweli au na “imepokelewa” tu. Mkiona majibu yote ni “hakuna shida, endeleeni” na hakuna barua hata moja iliyojibiwa, nendeni masjala kesho asubuhi mkaulize jalada lenu liko kwa nani.